Shingo ya Plasta

Ijumaa, saa nane na robo mchana, nilijifunga kinywa kwa mikono yangu mwenyewe, nyumbani Shauri Moyo, mlango ukiwa wazi na redio ya jirani ikisoma matangazo ya vifo. Nilisikia "ta", kama kufuli ikishika. Nikajitabasamia kwenye kioo. Sikutabasamu tena hadi kesho yake, na hata hiyo kesho ilikuwa nusu tu.

Kilichoingia kinywani kilikuwa plati. Kwa yeyote ambaye hajawahi kuiona, plati ni kipande cha plastiki ya rangi ya waridi kinachokaa juu ya kaakaa, kikashikiliwa na kulabu za waya zinazokumbatia magego. Ndani yake mna springi ndogo inayolisukuma jino lililopotoka, polepole, miezi na miezi, mpaka likubali kusimama na wenzake. Wanaoivaa wengi ni watoto. Huitoa wakipiga mswaki, wakaisahau kwa nyanya yao, mbwa akaila, wakaletwa kutengenezewa nyingine. Plati ni kitu cha kuingia na kutoka. Yangu iliingia.

Nilisukuma kwa kidole gumba. Haikutikisika. Nikaingiza kucha chini ya kulabu, pale ambapo kila mtoto huambiwa aingize kucha. Hapakuwa na chini ya kulabu. Waya ilikuwa imezama ufizini kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.

Sasa, mtu mwingine angesema, basi nitaenda kwa daktari. Mimi daktari nilikuwa naye. Ndiye aliyeniajiri, na ndiye mtu wa mwisho katika Nairobi nzima ambaye angepaswa kuiona plati hiyo kinywani mwangu.

Jina langu ni Kisilu, na plati ndiyo kazi yangu. Mwaka huo wa tisini na sita nilikuwa na mwaka wa sita kwa Daktari Shamis, kwenye kliniki yake ya Eastleigh, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa. Hakuwa daktari wa kung'oa. Yeye alipanga meno tu. Mtoto akija, alimtia kinywani kisahani cha rojo, rojo likaganda, likatoka na chapa ya meno yote. Chapa hiyo alinipitishia kwenye kidirisha. Mimi nikamimina plasta ndani yake, ikakauka, nikapata meno ya yule mtoto, meupe, yamekaa mezani kwangu bila mtoto. Juu ya plasta hiyo nilikunja waya na kumwaga plastiki. Nilikuwa nawajua watoto mia na zaidi wa mji huu na sikuwahi kumwona hata mmoja. Ukinionyesha uso sikujui. Ukinionyesha gego, nitakwambia wewe ni nani na unatafunia upande gani.

Ukutani mwa chumba changu kulikuwa na karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa kalamu nene: FUNDI HASHIKI MDOMO. Maana yake ni kwamba mimi ni wa plasta na yeye ni wa watu. Fundi aliyenitangulia alimtengenezea shemeji yake jino la bandia, akampachika mwenyewe siku ya sikukuu. Jumatatu yake alifutwa, na barua ya kufutwa ilikuwa na mistari miwili. Nilionyeshwa barua hiyo siku niliyoajiriwa, hata kabla ya kuonyeshwa choo kiko wapi.

Kabla ya hapo nilikuwa mchongaji. Nilichonga swara na twiga kwenye karakana ya Wakamba iliyo kati ya Majengo na soko la Gikomba, chini ya mjomba wangu Musyoka. Daktari Shamis alikuja kununua twiga wa sebuleni, akaniangalia nikikwangua kwato za mnyama asiyezidi kidole, akaondoka na twiga na mimi. Toka siku hiyo nikavaa koti jeupe. Mke wangu Ndindi, aliye kijijini Wamunyu na watoto wetu wawili, aliitundika picha yangu na lile koti juu ya meza, na watu wakija humwuliza kama mimi ni daktari. Huwa hajibu haraka.

Lakini ukiiangalia vizuri picha hiyo, utaona nimefunga mdomo. Jino langu moja la juu, la mbele kabisa, liliota nyuma ya yale ya chini. Nikiuma, linajificha. Jirani yangu Opicho alisema linajificha kama mnywaji aliyeona chifu. Miaka sita nilituma meno yaliyonyooka kwa watoto wa watu wengine, kisha nikarudi nyumbani na langu limeinama. Mwezi ule nikasema basi. Daktari alipotoka kula mchana, nikajichukua chapa kwa unga wa rojo uliobaki chini ya kopo. Waya nilitumia vipande vilivyongoja kufagiwa sakafuni. Plastiki ilikuwa mabaki. Mimi niliita kuokota. Najua yeye angeita nini.

Na hapa ndipo penye kosa lenyewe, kwa hiyo nitalisema taratibu.

Wiki mbili kabla ya hapo, Daktari Shamis alikuja na plati, akaiweka mbele yangu juu ya karatasi.

"Kisilu, hii imeanguka kwenye uji wa mtoto."

"Pole, Daktari."

"Ya pili mwezi huu. Kulabu zako zinashika hewa."

Akanieleza jambo nililokuwa nalijua nusu. Jino lina tumbo na lina shingo. Kulabu lazima ipite tumbo, ikashike chini, kwenye shingo. Lakini kwa mtoto shingo bado imefunikwa na ufizi, hivyo fundi hukwangua plasta ya ufizi kidogo pembeni mwa gego, ili ncha ya waya ipate pa kuingia.

"Kidogo," alisema, akanionyesha ukucha wake. "Unene wa huu."

Nilisikia shingo. Ukucha sikuusikia. Mtu aliyelelewa na Musyoka ukimwambia akwangue shingo, umempa ruhusa aliyoingoja miaka sita. Kwetu karakanani shingo ndiyo kila kitu. Mgeni haangalii miguu. Miguu minne kila mnyama anayo. Anashika shingo, akiipenda anamchukua mnyama mzima. Basi nikachukua kisu cha plasta, nikakata. Nikazunguka gego lote, nikaingia ndani, nikapiga msasa, mpaka kila gego likasimama kama uyoga. Nikakunja kulabu zikafuata mle mle. Nilipoitoa plati kwenye plasta, vipande vidogo vilimegeka pale shingoni. Nikavipuliza. Plasta haisemi inaumia.

Nilitengeneza mbili hivyo. Moja ni ya msichana aitwaye Anyango, wa darasa la saba, na hiyo nilimkabidhi Daktari Ijumaa asubuhi. Akaipima ncha kwa ukucha. "Hii sasa imeshika," akasema, akaitia kwenye droo yake. Ya pili ilikuwa yangu. Saa sita kliniki ikafungwa kwa ajili ya sala, kama kila Ijumaa, hadi Jumamosi asubuhi. Nikaondoka na plati mfuko huu, na plasta ya meno yangu mfuko huu mwingine, nimeifunga kwa leso ili nisiache ushahidi.

Opicho alinikuta nimekaa kitandani na beseni mapajani. Opicho ni kibarua wa viwandani. Kila alfajiri hupanga foleni kwenye geti, na siku wasipomwonyesha kidole cha kumchagua hurudi kunisumbua. Siku hiyo hawakumwonyesha kidole.

"Kisilu, niaje? Mbona unadondokwa na mate kama mtoto anayeota meno?"

Nikamfungulia mdomo.

"Ah. Ndiyo ile? Umekuwa mtoto wa matajiri wa Lavington. Hebu itoe niione vizuri."

Nikatikisa kichwa.

"Itoe, bwana, siiibi."

"Haitoki," nikasema. Lilisikika kama mtu anayeongea na viazi moto kinywani.

"Haitoki vipi?"

"Haitoki, Opicho."

Alicheka mpaka akaketi juu ya mtungi wa maji. Kisha akaona mate kwenye beseni yana damu, akaacha kucheka, akavua koti. Hiyo ndiyo tabia yake. Anakucheka kwanza, halafu anafanya kazi.

Tulijaribu mpini wa kijiko cha chai. Tulijaribu uzi wa kushonea viatu, tukaupitisha chini ya waya pale mbele, yeye akavuta na mimi nikashika kitanda. Uzi ukakatika, Opicho akaangukia mlango. Nikajaribu kula maharagwe, angalau nipate nguvu za kuteseka, nikashindwa. Ili springi ipate nafasi ya kulisukuma jino, nilikuwa nimeweka vitako vya plastiki juu ya magego. Nikifunga mdomo, meno ya mbele hayakutani. Midomo yenyewe ilikutana kwa shida. Na springi, ambayo sikuiambia kwamba kuna dharura, ilikuwa inafanya kazi yake. Ilisukuma. Nilihisi mapigo ya moyo kwenye jino moja.

"Twende kwa daktari," Opicho akasema.

"Nani?"

"Mwingine. Si wako."

"Wanaopanga meno mji huu wote wanaenea kwenye benchi moja la kanisa. Akiiona tu atauliza nani ameitengeneza. Kabla sijafika kwenye ngazi, amempigia."

"Basi wa kung'oa."

"Naye atampigia. Hakuna anayegusa kazi ya mwenzake bila kupiga simu."

"Gikomba kuna koleo za kila aina."

"Zinakata mabati, Opicho. Waya iko milimita mbili kutoka ulimini."

Akafikiri. "Mjomba wako si ana visu vidogo?"

Tukatoka. Nilijifunga leso nyingine mdomoni, na Opicho akawa mdomo wangu. Mtu akinisalimu Gikomba, na pale nawajua wengi, yeye ndiye aliyejibu. "Salama, ameweka nadhiri, haongei mpaka Jumapili." Mama mmoja wa kuuza mabuli ya chai alisema Mungu azidi kunitia nguvu. Nikamwinamia.

Mjomba Musyoka alikuwa chini ya bati lake, mguu umebana gogo, tezo mkononi. Ni mzee mfupi asiyesimama ukifika. Anakuonyesha pa kukaa kwa kidevu. Nikamsalimu kwa mkono, Opicho akaeleza yaliyobaki. Mzee akanifungua mdomo kama anayenunua mbuzi.

"Nani amekufanyia hivi?"

Nikajigusa kifua.

"Basi hatuna wa kumpiga," akasema. Akageuza kichwa changu kwenye mwanga. "Siwezi, mwanangu. Waya hii itavunja kisu changu, halafu kisu kitavunja jino lako. Ilikaaje hata ikashika namna hii?"

Sikuwa na maneno ya kutosha kinywani, kwa hiyo nikatoa ile plasta mfukoni, nikaifungua leso, nikampa.

Aliishika kwa viganja viwili. Akapitisha kidole gumba kwenye magego, upande huu, upande huu. Akairudia. Miaka kumi na mmoja nilichonga chini yake, na sikumbuki aliipapasa kazi yangu yoyote namna hiyo.

"Shingo," akasema. "Tazama shingo hii." Akamwita mwenzake wa jirani, akamwonyesha. "Huyu nilimwambia toka akiwa mdogo. Shingo ndiyo swara. Amekwenda kuijulia kwa watu wa meno."

Yule mzee mwingine naye akaipapasa, akasema ni nzuri kwa kweli.

"Ila sasa," Mjomba akaniuliza, na aliuliza kwa nia njema, kama mtu anayetaka kujua kazi ya watu wengine, "swara akishasimama hatumtoi mahali. Hiki kitu chenu mlikipangia kitoke vipi?"

Hapo ndipo nilipoiona ile droo ya Daktari Shamis. Niliiona wazi kuliko nilivyowaona wazee wawili mbele yangu. Plati ya Anyango, kulabu nne, shingo zile zile, mkono ule ule. Jumamosi saa tatu angeketi kwenye kiti, aambiwe fungua, na angesikia "ta".

Mimi nina miaka thelathini na minne na nilikuwa nalia kimoyomoyo. Yeye ana kumi na tatu. Zaidi ya hayo, magego ya mtoto hayajamaliza kukua. Mizizi yake bado laini. Ukivuta kwa nguvu, hujui kitakachokuja kwanza, plati au gego.

Nikamshika Opicho mkono, tukaondoka. Mjomba alibaki na plasta, nikarudi kuichukua.

Kwenye kibanda cha simu Opicho alipiga kliniki mara nne. Iliita tu. Nyumbani kwa daktari sikupajua; nilijua ni upande wa South C, na South C ina nyumba nyingi. Tukakaa kwenye ukingo wa mtaro.

"Sikiliza," Opicho akasema. "Kesho unafika wa kwanza. Mlango ukifunguliwa unaingia chumbani kwako. Una koleo zako za maana pale?"

Nikaitikia.

"Unajikata. Dakika tano. Unatema, unasukutua, unavaa koti. Halafu unamwendea kama mtu, na maneno yaliyonyooka. Daktari, ile plati ya msichana nimekumbuka sikuimalizia, naomba niirekebishe. Amekupa. Umeirekebisha. Msichana mzima, kazi iko, na mimi sijawahi kukuona."

Ulikuwa mpango mzuri. Niliugeuza huku na huku usiku kucha na sikuona tundu. Nilichokiona, kila nikikaribia kusinzia na springi kuniamsha, ni Ndindi akiulizwa na wageni kama mumewe ni daktari, naye safari hii akijibu haraka.

Jumamosi saa moja na nusu nilikuwa kwenye ngazi za kliniki. Ufizi ulikuwa umevimba ukaifunika waya. Kwa nje nilionekana nimeweka ndimu kwenye shavu. Lakini nilikuwa wa kwanza. Kwa dakika mbili nilikuwa wa kwanza. Kisha wakapanda mama mmoja aliyevaa viatu vya ofisini na msichana mrefu, mwembamba, aliyeshika kitabu cha maktaba, na meno yake ya mbele yalipoonekana nilimjua kabla hajataja jina. La juu kushoto lililojizungusha. Lile nililizungushia springi Jumatano.

"Habari," mama akasema. "Hapa ndipo kwa Daktari Shamis? Alituambia saa tatu, lakini mimi naingia kazini, nikamwomba atuone mapema."

Nikaitikia kwa kichwa, leso mdomoni.

"Anyango, msalimie mwalimu," akasema. Sijui kwa nini alidhani mimi ni mwalimu. Labda kwa sababu nilikuwa na huzuni na kalamu.

Daktari Shamis alifika na funguo, shungi lake la kijani, mwendo wake wa haraka. Aliniangalia mara moja.

"Una nini?"

"Jino," nikasema. Neno moja niliweza.

"Utanionyesha nikimaliza na hawa," akasema, akafungua mlango. "Karibu, Mama Anyango. Anyango, njoo, kiti chako hiki."

Nikaingia chumbani kwangu, nikafunga. Chumba changu na chake vilitengwa na ubao tu. Niliweza kumsikia akivaa glavu. Nikachukua koleo la kukatia waya, lile dogo, nikasimama mbele ya kioo. Ukutani juu ya kioo kulikuwa na ile karatasi yake. Nikaingiza koleo, nikaumiza shavu, nikatoa, nikaingiza tena. Kulabu ya mbele kushoto niliipata. Ikakatika na kunichoma. Moja. Zilibaki tatu, na mbili kati yake zilikuwa nyuma kabisa, mahali ambapo mkono wa mtu haujipindi kuingia kwenye kinywa chake mwenyewe. Naujua mkono wangu. Umechonga kwato za wanyama wadogo. Huko nyuma haukufika.

"Hii hapa ndiyo yako," Daktari akasema ng'ambo ya ubao. "Nzuri, eh? Fundi wangu ametulia na hii."

"Itauma?" Sauti ya msichana.

"Itabana kidogo. Itaingia na sauti ndogo, usishtuke. Nikishaiweka nitakufundisha kuitoa mwenyewe."

Nikaipata kulabu ya pili kwa ncha ya koleo, ikateleza. Nikawaza, dakika tatu. Nikawaza, nigonge ubao. Nikigonga atakuja kuuliza kwa nini, na mimi hapa na damu kidevuni na koleo kinywani. Nikawaza pia, na hili nalisema kwa sababu lilikuwepo, kwamba labda ya Anyango itatoka. Labda plasta yake sikuikata sana kama yangu. Mtu akiwa pembeni ya ukuta huota madirisha.

"Fungua. Zaidi. Hivyo hivyo."

Niliweka koleo mezani, nikafungua mlango wa ndani, ule ambao katika miaka sita sikuwahi kuupita mgonjwa akiwa kwenye kiti.

Plati ilikuwa kati ya vidole vya Daktari, imeshafika kwenye midomo ya msichana. Nikaushika mkono wa daktari. Nikaushika kabisa, kwenye kifundo. Mama Anyango akainuka. Anyango akanitazama kwa macho makubwa, mdomo wazi, kana kwamba sasa mimi ndiye wa kumpachika kitu.

"Kisilu," Daktari akasema kwa sauti ya chini sana. "Umerukwa na akili?"

Kueleza kungechukua muda na kinywa changu hakikuwa na nafasi. Nikafungua mdomo.

Aliangalia. Kwanza hakuelewa, nilimwona akitafuta jeraha. Kisha macho yake yakafuata waya, gego kwa gego, yakafika kwenye springi, yakarudi kwenye magego. Akaitazama plati iliyo mkononi mwake. Akaigeuza, akaitazama tena.

"Mama Anyango," akasema, "naomba mkae pale nje dakika chache. Hakuna neno. Ni mimi ninayehitaji kuangalia kitu."

Walipotoka aliniashiria kiti. Nilikaa pale ambapo alikuwa ameketi mtoto. Kiti kilikuwa bado na joto. Taa ikaniingia machoni, na kwa mara ya kwanza nikajua plasta zangu zote zilitoka mahali pa namna gani.

"Usimeze," akasema. Akachukua mashine ya kusagia, ikalia, akakata nyaya zote tatu bila kugusa shavu hata mara moja. Kisha akaingiza kidude chembamba, akainua. Plati ikaachia na sauti ya kunyonya, na hewa ikaingia kwenye kaakaa langu, baridi. Nilikuwa nimesahau nina kaakaa.

Aliiweka kwenye karatasi, pembeni ya ile ya Anyango. Akaniletea maji. Nikasukutua, nyekundu, nikasukutua tena, waridi.

"Ulikata plasta kiasi gani?"

"Kama ya swara, Daktari."

"Kama ya nini?"

Nikamweleza. Mgeni, mnyama, shingo. Alinisikiliza amekunja mikono, na nadhani palikuwa na mahali, kwenye twiga wa sebuleni, ambapo karibu acheke. Hakucheka.

"Na ya huyu mtoto vile vile."

"Vile vile. Kisu kile kile."

"Ungejikata chumbani kwako nisingejua."

"Nilijaribu. Nilipata moja."

Akakaa kwenye kigoda chake cha magurudumu.

"Wallahi, Kisilu, sikiliza. Ningemfungia yule mtoto halafu nigundue baadaye kwamba ulijua, ningekupeleka polisi. Umekuja mwenyewe, kwa hiyo nakufuta tu. Umechukua vitu vyangu, umejipima mwenyewe, umetia kazi mdomoni. Nilimfuta mwenzako kwa jino moja. Nikikuacha wewe, karatasi ile niishushe ukutani, kisha kila fundi awe daktari. Leo ndiyo siku yako ya mwisho."

"Ndiyo, Daktari." Nikamshukuru. Ni mara ya kwanza kumshukuru mtu kwa kunifuta, na sikuwa nafanya mzaha.

"Lakini mama wa watu anaingia kazini. Mimi waya naweza kuikunja. Wewe unaikunja vizuri zaidi. Zilegeze hizi kulabu."

Nikaichukua plati ya Anyango, nikarudi kwenye meza yangu ambayo haikuwa yangu tena. Alisimama nyuma ya bega langu. Angeweza kukaa, alisimama. Nikaifungua ncha ya kwanza kwa koleo la mdomo wa duara, nikaitoa nje kwa unene wa ukucha, wake, si wangu. Nikaipima kwenye plasta ambayo sikuikata, ile ya akiba tuliyomimina kwanza. Nikafanya ya pili. Ya tatu haikunipendeza, nikairudia. Sijawahi kukunja waya polepole namna ile. Alipoona nimeirudia mara ya tatu akasema, "Imetosha," nikasema, "Bado kidogo," akaniacha.

Sikuruhusiwa kuingia tena. Nilivua koti, nikalikunja, nikaliweka juu ya kiti. Nikatoka kwa mlango wa nje, na kwa haki ningeshuka ngazi moja kwa moja, lakini nilikaa kwenye benchi la kungojea, pale ambapo sikuwahi kukaa, shavu limevimba, mikono mapajani. Ng'ambo ya ukuta nilisikia sauti ndogo, si "ta", laini zaidi. Kisha Daktari akisema, "Sasa wewe. Vidole gumba viwili, hapa na hapa. Vuta chini."

Nikajikuta nimeinua vidole gumba vyangu viwili.

Mlango ukafunguliwa baada ya muda. Mama Anyango alikuwa anatazama saa. Msichana alitoka nyuma yake, akaniona, akasimama.

"Ni wewe uliyenitengenezea?"

"Ni mimi."

"Inabana hapa." Akagusa shavu.

"Itabana siku mbili tatu. Ikizidi hapo, mwambie Daktari."

"Na wewe mbona umevimba?"

"Mimi niliivaa kabla sijafundishwa kuitoa."

Alifikiri jambo hilo kwa uzito. Kisha akaingiza vidole gumba viwili kinywani, akavuta, plati ikashuka kiganjani mwake, inang'aa kwa mate. Akairudisha. Akaitoa tena.

"Anyango, hicho si kitu cha kuchezea," mama akasema, ameshaanza kushuka ngazi. "Twende."

Msichana akashuka nyuma yake, huku anaitoa na kuirudisha.